Chai za Kichina za kupoza mwili: zina nini ndani, zinasaidia wapi na zinakomea wapi

Joto likizidi, kila nchi ina kinywaji chake cha kujipoza. Kwetu kuna juisi ya ukwaju, maji ya dafu kwa watu wa Pwani, na rozela kwa watu wa bara. Kusini mwa China watu hunywa chai nyeusi, chungu, iliyochemshwa kwa mimea zaidi ya mmoja, na mara nyingi huinywa ikiwa ya moto. Wenyewe wanaiita liangcha, yaani chai ya ubaridi.

Tumeandaa makala haya kwa sababu mbili. Kwanza, ni kinywaji chenye historia ndefu na ya kuvutia. Pili, siku hizi majani na maua ya Kichina yaliyokaushwa hayako mbali nasi: yanauzwa madukani, kwenye simu na hata stendi za mabasi, kila pakiti ikiwa na sifa zake. Mtu akikuambia chai hii "inatoa joto mwilini", ni vizuri ujue ana maana gani, na ujue chai hiyo inaweza kufanya nini na haiwezi kufanya nini.

Chai isiyo na majani ya chai

Liangcha haina majani ya chai kama yale yanayolimwa Mufindi, Rungwe au Kericho. Ni kama sisi tunavyosema chai ya mchaichai: jina ni chai, lakini kilichomo ni mmea mwingine. Wachina wa kusini huchemsha maua, majani, mizizi na magome, kisha huchuja na kunywa.

Kinywaji hiki ni cha watu wa jimbo la Guangdong, pamoja na Hong Kong, Macau na maeneo jirani. Mji mkuu wa Guangdong ni Guangzhou, mji ambao wafanyabiashara wengi wa Afrika Mashariki wanaufahamu, kwa sababu ndiko wanakofuata mzigo wa nguo, simu na vipuri. Aliyefika huko kati ya Mei na Septemba anajua hali yake. Jua ni kali, mvua ni nyingi, na hewa imejaa unyevu kiasi kwamba shati linalowa jasho na halikauki. Majira yao ya joto ndiyo pia majira yao ya mvua. Hayafanani na kiangazi chetu cha vumbi na upepo mkavu.

Mwaka 1828, katika mji huo wa Guangzhou, mganga aitwaye Wang Zebang alianza kuuza chai yake ya mimea. Chai hiyo ilijulikana kwa jina la Wanglaoji, au Wong Lo Kat kwa lahaja ya huko. Jina hilo lipo hadi leo. Baadaye familia yake ilifungua biashara Hong Kong pia, na duka la chai ya ubaridi likawa sehemu ya kawaida ya mtaa, kama kilivyo kibanda cha kahawa kwa watu wetu wa Pwani.

Duka la zamani la aina hiyo lina birika kubwa la shaba lenye umbo la kibuyu. Kwa Wachina, kama ilivyo kwa makabila yetu mengi, kibuyu ni alama ya dawa. Mteja anapewa bakuli, anakunywa pale pale akiwa amesimama au ameketi, analipa, anaondoka. Kwa wasikilizaji wetu kuna jambo moja la kufurahisha: katikati ya karne iliyopita, wakati watu wengi wa Hong Kong hawakuwa na redio nyumbani, maduka haya yaliweka redio, na baadaye televisheni, ili kuvutia wateja. Watu walilipia bakuli la chai chungu wapate kusikiliza vipindi.

Mwaka 2006 serikali ya China iliiweka liangcha kwenye orodha ya kwanza ya taifa ya urithi wa utamaduni usioshikika, kwa maombi ya Guangdong, Hong Kong na Macau.

"Joto" wanalosema ni lipi?

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Daktari wa tiba ya jadi ya Kichina anaposema mwili una joto, si lazima awe anasema juu ya joto linalopimwa kwa kipimajoto. Katika tiba hiyo, kila chakula na kila mmea una tabia: kuna vya moto, vya vuguvugu, vya kati, vya baridi kidogo na vya baridi kabisa. Tabia hiyo haihusiani na jinsi kilivyotoka jikoni. Tangawizi ni ya moto hata ikitoka kwenye friji, na ua la krisanthemamu ni la baridi hata likiwa kwenye maji yanayofuka mvuke.

Kuna neno lao maarufu, shanghuo, ambalo tunaweza kulifasiri kama kupandwa na moto. Mtu aliyekula vitu vingi vya kukaanga, au pilipili nyingi, au asiyelala vizuri, akipata vidonda mdomoni, koo kukauka, chunusi au choo kigumu, Wachina wa kusini watasema amepandwa na moto. Dawa yake ya kwanza nyumbani ni bakuli la liangcha.

Fikra hii si ngeni kabisa kwetu. Wazee wa Mombasa, Lamu na Unguja nao hugawa vyakula kuwa vya moto na vya baridi, na humwambia aliyejifungua au mwenye mafua ale hiki na aache kile. Elimu hiyo ya Pwani ilitoka upande mwingine, kwenye tiba ya Kiyunani iliyopitia kwa Waarabu, lakini watu hao wawili wakikaa meza moja wanaweza kuelewana.

Kwa hiyo kumbuka jambo hili: maneno "kutoa joto" katika chai ya Kichina hayana maana ya kushusha homa. Tutalirudia mbele, kwa sababu kulichanganya kunaweza kugharimu maisha.

Kilichomo ndani ya bakuli

Hakuna kanuni moja ya liangcha. Kila duka na kila familia ina yake. Lakini mimea ifuatayo hukutwa mara kwa mara.

Krisanthemamu. Ni maua madogo meupe au ya njano yaliyokaushwa. Hutiwa maji ya moto, yakatoa rangi ya njano hafifu na harufu nzuri. Hii ndiyo chai nyepesi kuliko zote, na wengi hunywa kila siku.

Jinyinhua. Tafsiri ya jina ni ua la dhahabu na fedha, kwa sababu ua hili huchanua likiwa jeupe kisha hugeuka njano, hivyo kwenye tawi moja unaona rangi zote mbili.

Xiakucao. Jina lina maana ya mmea unaonyauka majira ya joto. Kinachotumika ni kichwa cha ua kilichokauka na kuwa cha kahawia.

Xiancao. Ni mmea wa jamii ya mnanaa na mrehani. Ukichemshwa maji yake huwa meusi, na ukichanganywa na wanga huganda kama jeli, nayo huliwa na sukari.

Ua la yai. Ndivyo Wachina wanavyoliita ua jeupe lenye kiini cha njano kutoka mti ambao sisi tunauona kwenye bustani za hoteli, makaburini na kwenye viwanja vya shule, unaotoa utomvu mweupe ukiukata. Kwa Kiingereza mti huo huitwa frangipani. Usiende kuchuma ukachemsha: utomvu wake huwasha ngozi na hudhuru tumbo. Wao hutumia maua yaliyokaushwa kwa utaratibu, na kwa kiasi kidogo.

Urukususu. Huu ni mzizi mtamu unaofahamika pia kwa wauza dawa za asili wa Pwani. Huongezwa ili kupunguza uchungu.

Mchanganyiko wenye umaarufu ni wa aina mbili. Wa kwanza ni chai ya maua matano, ambayo ni tamu kidogo na hupewa hata wageni. Mojawapo ya maua hayo ni la msufi mwekundu, ndugu wa msufi wetu, ambalo ndilo ua la alama ya mji wa Guangzhou. Wa pili ni chai ya ladha ishirini na nne. Hiyo ni chungu kama shubiri. Licha ya jina lake, idadi ya mimea hubadilika kutoka duka hadi duka.

Kutoka bakuli hadi kopo

Miaka ya 1990 chai hii ilianza kuuzwa katika makopo mekundu, ikiwa imetiwa sukari nyingi ili watu wa mikoa mingine waweze kuinywa. Matangazo ya biashara yaliwaambia Wachina wa kila mahali kwamba anayeogopa kupandwa na moto anywe kopo hilo akiwa anakula vyakula vya pilipili. Mauzo yalipaa, na kinywaji cha jimbo moja kikawa cha taifa zima.

Fedha zilipoingia, ugomvi ukafuata. Jina la Wanglaoji lilikuwa mali ya kampuni ya dawa ya serikali ya mji wa Guangzhou, ambayo ilikuwa imelikodisha kwa kampuni nyingine kutoka Hong Kong. Mwaka 2012 wasuluhishi waliamua kwamba jina lirudi kwa mwenyewe. Kampuni ya pili ikaendelea kuuza chai yake kwa jina la Jiaduobao, na pande mbili zikaingia mahakamani kugombea hata rangi nyekundu ya kopo. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya China ilisema zote mbili zina haki ya kulitumia kopo jekundu.

Kwa mnywaji, somo ni dogo lakini la maana: kilicho kwenye kopo si sawa na kilicho kwenye bakuli la dukani. Kwenye orodha ya viungo vya kopo, kitu cha kwanza ni maji na cha pili ni sukari. Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu 10 kwa kila 100 za nguvu tunayopata kwenye chakula, na linasema ni bora zaidi isizidi 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25 kwa siku. Kopo moja la kinywaji kitamu linaweza kumaliza kiasi hicho. Mwenye kisukari asidanganywe na neno "mimea".

Je, inapoza kweli?

Tuanze na mwili wenyewe. Mwili hujipoza kwa njia kuu mbili: kupeleka damu nyingi karibu na ngozi, na kutoa jasho. Jasho likitoka tu halipozi. Linapoza pale linapokauka juu ya ngozi, kwa sababu linapokauka linaondoka na joto. Ili jasho litoke, lazima maji yawepo mwilini. Hivyo kinywaji chochote salama kinachokurudishia maji kinasaidia, na chai ya mimea isiyo na sukari ni mojawapo.

Vipi kuhusu kunywa cha moto? Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ottawa, Kanada, walichapisha jaribio ambalo wanaume waliendesha baiskeli za mazoezi huku wakinywa maji ya nyuzi joto tofauti, kuanzia 1.5 hadi 50. Waliokunywa maji ya moto walitoa jasho zaidi, na mwishowe mwili ukabaki na joto dogo kuliko walipokunywa ya baridi. Lakini kuna sharti: jasho lote lazima liweze kukauka. Likidondoka chini au likinaswa na nguo nzito, faida inapotea.

Ukilitafakari hilo utaona kwamba mtu wa Dodoma au Singida, mwenye hewa kavu na upepo, ana nafasi ya kupozwa na kikombe cha moto kuliko mtu wa Dar es Salaam au Tanga mwezi Februari. Na kwa unyevu wa Guangzhou, moto wa chai peke yake hauelezi sana kwa nini watu wa huko wanaipenda. Wanaipenda kwa mazoea, kwa imani ya tiba yao, na kwa sababu inawafanya wanywe maji.

Na mimea yenyewe? Maua ya krisanthemamu na jinyinhua yamechunguzwa maabara, na yana kemikali zinazopunguza uvimbe au kuzuia baadhi ya vijidudu kwenye vyombo vya maabara. Lakini chombo cha maabara si mwili wa mtu. Majaribio makubwa kwa binadamu yanayothibitisha kwamba bakuli la liangcha linatibu ugonjwa fulani ni haba. Kwa hiyo kwa sasa tunaweza kuiita kinywaji. Bado hatuwezi kuiita dawa.

Pale mmea wa kutoa joto ulipokuwa dawa kweli

Upo mfano mmoja unaotuhusu sana. Katika vitabu vya tiba ya Kichina kuna mmea uitwao qinghao, ambao huwekwa kwenye kundi la mimea ya baridi inayotoa joto. Mwaka 1967 serikali ya China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria. Mtafiti Tu Youyou alipitia vitabu vya kale, na katika kitabu cha tabibu Ge Hong, aliyeishi zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, alikuta maelekezo ya kuloweka qinghao katika maji na kukamua, bila kuchemsha. Akatambua kwamba huenda moto ndio uliokuwa unaharibu dawa. Akabadili njia, akatumia kiyeyushi kinachochemka kwa joto dogo, na mwaka 1972 timu yake ikapata kemikali iitwayo artemisinini. Mwaka 2015 alitunukiwa Tuzo ya Nobeli.

Dawa ya mseto ya malaria unayopewa zahanati imetokana na kazi hiyo. Lakini angalia kilichofanyika katikati: mmea ulipimwa, kemikali ikatolewa, kiasi cha dozi kikajulikana, wagonjwa wakafuatiliwa, na kisha ikaunganishwa na dawa ya pili ili vimelea visijenge usugu. WHO haishauri kutibu malaria kwa chai ya majani ya artemisia, kwa sababu kiasi cha dawa kikombeni hakijulikani, na dozi pungufu huacha vimelea hai.

Ndiyo maana tunasema bila kuzunguka: mtoto akichemka, usimpe chai ya kutoa joto ukasubiri kesho. Mpeleke akapimwe malaria. Kipimo cha haraka kinachukua dakika chache, na malaria kali kwa mtoto mdogo inaweza kuua ndani ya siku moja au mbili.

Pareto si krisanthemamu ya kunywa

Hili ni kwa wasikilizaji wetu wa nyanda za juu, Iringa, Mbeya na Njombe, pamoja na jirani zetu wa Nakuru na Nyandarua. Pareto na krisanthemamu ni ndugu wa karibu. Hata jina la kitaalamu la pareto zamani lilikuwa la ukoo wa krisanthemamu, na ua lake likikauka linafanana na baadhi ya maua ya chai ya Kichina. Lakini pareto hulimwa kwa ajili ya sumu ya kuua wadudu. Mtu akikuambia kwamba Wachina wanakunywa ua hilo hilo unalouza kwa kilo, anakosea. Usilichemshe, usimpe mtoto, na usiliuze kama chai.

Majina na sura vimewaponza watu wengi hata huko kwenye asili ya tiba hii. Mwaka 1989 Hong Kong, watu waliumwa vibaya, wakaharibika mishipa ya fahamu, baada ya kunywa dawa ya kuchemsha ambamo mzizi mmoja uliuzwa badala ya mwingine unaofanana nao. Tukio hilo lilichangia kuanza kwa mchakato uliozaa sheria ya tiba ya Kichina ya Hong Kong mwaka 1999. Huko Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliokuwa wakitumia dawa za kupunguza unene zenye mimea ya Kichina walipata ugonjwa wa figo. Iligundulika kwamba mmea mmoja ulikuwa umebadilishwa na mwingine wenye jina linalokaribiana nalo, aristolokia, ambao unaharibu figo na kuleta saratani.

Kuna na udanganyifu wa makusudi. Katika jimbo la Guangdong lenyewe, wauzaji wa liangcha wamewahi kukamatwa kwa kuchanganya humo dawa za hospitali kama parasetamo, ile tunayoizoea kama panado. Mteja anaona maumivu yameisha haraka, anasifu mimea, kumbe amemeza vidonge bila kujua kiasi. Akinywa na panado yake nyumbani, ini ndilo linaloumia. Kwa hiyo ukikuta chai ya asili inayokata homa au maumivu kwa nusu saa, usifurahi upesi. Jiulize imewekwa nini.

Nani awe mwangalifu zaidi

Mwenye presha. Urukususu ukitumika kwa wingi kila siku hupandisha shinikizo la damu na kushusha madini ya potasiamu, ambayo moyo unayahitaji.

Mtoto mchanga. Hadi miezi sita ni maziwa ya mama tu. Katika baadhi ya jamii za Wachina kulikuwa na desturi ya kuwapa watoto wachanga maji ya mzizi mchungu uitwao huanglian ili kuwatoa joto. Singapore ilipiga marufuku mmea huo mwaka 1978 kwa sababu ulihusishwa na manjano kali kwa watoto wenye upungufu wa G6PD. Katazo hilo lilikuja kulegezwa zaidi ya miaka 30 baadaye, lakini tahadhari kwa wenye hali hiyo ilibaki. Upungufu wa G6PD ni wa kurithi, na upo kwa wingi katika sehemu za Afrika zenye malaria.

Mjamzito, na mtu yeyote anayetumia dawa za kila siku, za kisukari, za moyo, za kupunguza makali ya VVU au za kifua kikuu. Muulize mhudumu wa afya kwanza, na mwonyeshe pakiti yenyewe.

Pia usichanganye chai ya kupoza na chai ya kupunguza mwili. Nyingi ya hizo za kupunguza mwili huwa na sana, mmea unaoharisha. Kuharisha wakati wa joto ni kupoteza maji na chumvi, kinyume kabisa na unachotafuta.

Ukitaka kujaribu nyumbani

Kinywaji cha Kichina cha majira ya joto kilicho rahisi kuliko vyote hakihitaji kununua kitu kutoka nje, kwa sababu kinatokana na choroko. Wachina huchemsha choroko na kunywa maji yake, na kwao choroko ni chakula cha baridi. Chukua choroko kiganja kimoja au viwili, chambua, osha, tia kwenye maji lita moja na nusu, chemsha. Baada ya dakika kama 10 maji hugeuka kijani: unaweza kuchuja na kunywa yakipoa, na choroko zilizobaki ukaendelea kuzipika kwa mboga. Sukari kidogo ukipenda, au acha kabisa.

Ukipata maua ya krisanthemamu ya chai, yawe kwenye pakiti iliyofungwa, yenye jina la mmea, jina la mtengenezaji na tarehe ya mwisho wa matumizi kwa lugha unayoisoma. Maua matano hadi kumi yanatosha kikombe kikubwa. Tia maji ya moto, funika dakika tano, kunywa. Ukiwashwa mdomo au ngozi, acha. Tanzania usalama wa vyakula vilivyofungashwa unasimamiwa na TBS, na waganga wa tiba asili wanasajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Anayekuuzia dawa ya mimea unaweza kumwomba akuonyeshe usajili wake.

Joto likimzidi mtu

Mtu aliyekaa juani akianza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kubanwa misuli, mtoe juani, mlegeze nguo, mpe maji kidogo kidogo. ORS inafaa, na kama hakuna, changanya maji safi lita moja, sukari vijiko vya chai sita na chumvi nusu kijiko cha chai, vyote vikiwa vimesawazishwa.

Akianza kuchanganyikiwa, kuongea visivyoeleweka, kuanguka au kupata degedege, hiyo ni hatari ya kufa. Mmwagie maji mwili mzima, mpepee kwa nguvu, mkimbize hospitali. Asiye na fahamu usimnyweshe kitu chochote, iwe maji au chai ya nchi yoyote.

Watu wa Guangzhou wamekunywa liangcha karibu miaka 200 tangu duka la Wang Zebang, na wataendelea kunywa. Nasi hatuna sababu ya kuikataa wala kuiogopa. Kikombe cha maua unayoyajua, kisicho na sukari, ukiwa umeketi kivulini, ni kitu kizuri. Mradi ujue ulichotia kikombeni, na homa uiachie zahanati.

Kama kuna kinywaji cha kujipoza cha kijijini kwenu ambacho ungependa tukichambue kwa namna hii, tuambie wakati wa kipindi, tutakifanyia kazi.